Sinia Moja na Kaka

Ijumaa, Mfungo Tano

Miezi miwili nimemtenga kaka yangu Bakari kwa ujinga, Mola anisamehe. Tangu hospitali waseme ni saratani ya mapafu, nikawa nampakulia sahani yake peke yake, na kikombe chake. Nilidhani itawaambukiza wajukuu, kama kifua kikuu. Yeye aliipokea sahani, akala pembeni.

Leo binti yangu Mwanaidi, anayesomea udaktari, kafika kutoka Dar na kuiona ile sahani.

“Mama, ugonjwa huu hauambukizi!”

Akanieleza kwamba ndani ya mapafu mna jeni nyingi zinazoagizana, kama wapishi wa harusi. Huyu anachochea moto, yule anaupunguza. Moshi wa sigara, kama alizovuta Kaka, ukiwaharibu wapunguzaji, sufuria zima linaungua; ndiyo saratani hiyo. Nani anamwagiza nani, wataalamu bado wanachunguza.

“Na wewe? Damu ya mjomba wako si unayo?” Hofu hiyo nilikuwa sijamwambia mtu.

“Damu ninayo, Mama. Sigara sina.” Akanishika mkono. Hakuniapia kitu, nami sikumlazimisha.

Watu walipotoka msikitini nikapakua wali na samaki kwenye sinia moja, nikamwita Kaka. Akakaa taratibu, akatutazama.

“Leo sahani zimekwisha?”

“Ujinga ndio umekwisha, Kaka. Nisamehe.”

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akakimega kile kichwa cha samaki, anachokipenda kuliko chochote, akanisogezea upande wangu.

Kupona kwake, Allah ndiye ajuaye. Kile kichwa nimekila chote, hata mifupa nikainyonya.