Barafu ya Zege

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Al Rayyan, Doha
Jumapili, tarehe 10 Agosti 2025, saa nne asubuhi

Jina: Nahashon Barasa Wekesa, Mkenya
Umri: miaka 53, ingawa magoti yangu yana zaidi
Kazi: mpimaji wa zege
Makazi: Muaither

Natangaza mbele ya Serikali, mbele ya Bwana Afisa na mbele ya feni hii inayozunguka, kwamba mnamo Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, katika eneo la ujenzi hapa Muaither, barafu ilipotea. Wilbaro mbili nzima. Barafu, Doha, mwezi wa nane! Ningekuwa mwandishi wa gazeti ningeiweka ukurasa wa kwanza.

Mkalimani wangu, Bi. Millicent Kerubo, amesoma hayo juu ya bega langu akaniambia, "Baba, hapa si harambee. Andika kilichotokea." Naandika.

Bwana Afisa ameuliza barafu ilikuwa inafanya nini kwenye mjengo. Nilipojifunza kazi hii kwetu Kimilili, zege lilikuwa mchanga, kokoto, simiti na maji ya mtungi. Tulilikoroga chini kwa mabeleshi huku tukiimba, na aliyechoka alikaa kando akaletewa uji. Hakuna aliyelipima joto. Slabu ya kanisa letu, yaani sakafu ya zege, tuliimwaga hivyo na iko hadi leo. Imepasuka mahali pamoja tu, na hapo ndipo nilipokuwa nakoroga mimi.

Hapa ni tofauti. Kwa jua hili zege linaganda kabla watu hawajalisawazisha, kisha linakuja kupasuka baadaye. Kwa hiyo badala ya sehemu ya maji inawekwa barafu, inayotengenezwa na mashine palepale kwenye mtambo wa kuchanganyia, ulio upande mmoja wa mjengo. Kila lori likifika nalitia themometa. Zege likizidi nyuzi thelathini na mbili, namrudisha dereva na anachoniita siwezi kukiandika hapa. Wenzangu waliniita Daktari. Aliyenibandika jina hilo ni Tom.

Tom Simiyu alikuwa mtu wa Kitale, miaka 34. Kazi yake ilikuwa kushika mashine ya kutetemesha zege ili lijae kila pembe. Mdomo wake ulikuwa na kelele kuliko hiyo mashine. Asubuhi ile alinikuta nimeinama juu ya toroli la sampuli akasema, "Daktari, mgonjwa anaendeleaje?"

Nikamwambia, "Homa imeshuka."

"Na mimi hutanipima?"

"Wewe nitakupeleka kwa daktari wa mifugo."

Akacheka hadi akashika ubao asianguke. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho yaliyokuwa na akili ndani yake.

Tulianza kumwaga slabu saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu sheria inataka kazi za juani zisimame kuanzia saa nne. Levis Odera, kijana wa Siaya, alikuwa kwenye mashine ya barafu. Msimamizi wa zamu alikuwa Bradley Ssemanda, Mganda. Kufika saa tatu ilikuwa imebaki pembe moja, na slabu haiachwi na pembe. Ukiiacha, zege jipya halishikani na la zamani. Kwa hiyo tuliharakisha.

Nilimtania Tom kutoka chini, hakujibu. Tom asiyejibu ni habari. Nikapanda ngazi. Alikuwa bado ameshika mashine lakini anaitetemesha hewani. Aliniuliza kwa Kibukusu kama ng'ombe wamekunywa maji. Nikamwambia wamekunywa. Akasema vizuri, kisha akaanguka ndani ya zege.

Tulimtoa watu wanne tukamlaza kwenye ubao, kivulini, nyuma ya lori. Sisi sote tulikuwa tumelowa jasho kama tuliovuka mto. Ngozi yake yeye ilikuwa kavu. Bradley aliita gari la wagonjwa palepale. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu najua kuna watakaomlaumu. Lakini njia ya kuingilia ni nyembamba na ilikuwa na malori ya zege yamepanga foleni hadi barabarani. Tulifungua mpira wa maji tummwagie. Maji yalitoka ya moto kama ya chai, bomba linalala juani.

Nikaipangusa themometa yangu kwenye shati, nikamwekea kwapani. Arobaini na moja.

Nimesomewa malalamiko ya kampuni. Yanasema Levis aliiba barafu, akaiacha mashine kwa shughuli zake binafsi, zege likatoka bila barafu na likaganda ndani ya pipa la lori, na lori limeharibika. Nimeambiwa pia kwamba Levis amekiri kuwa aliamua peke yake, bila kuagizwa na mtu. Ndiyo maana yuko mahabusu na ndiyo maana wanataka arudishwe Kenya.

Juzi Ijumaa niliruhusiwa kumwona. Nilimpelekea chapati, akasema ni ngumu kama zege ninalopima. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, wewe nyamaza. Umebakiza miezi minne uende nyumbani. Mimi nitaanza upya mahali popote."

Nikamwambia, "Nani amekufundisha kudanganya polisi?"

"Si ni wewe uliniambia nikuheshimu?"

Jana dada yake Tom, Winfred, anayefanya kazi hotelini Al Wakrah, alikuja chumbani kwangu. Hakulia. Alikaa kitandani akaniuliza kitu kimoja tu: "Mlimwacha peke yake?" Nikasema hapana. Akauliza, "Nani alimshika?" Nikasema Levis. Akasema, "Na huyo ndiye mmemfunga?" Nikampa chai.

Sasa naeleza ilivyokuwa.

Baada ya kuona ile arobaini na moja, sikwenda mbio. Nilisimama nikimngoja Bradley amalize simu ili nimwombe ruhusa ya barafu. Nilipokuwa nangoja, dereva wa lori alinipigia honi, na mimi nikageuka nikalipima zege lake. Lilikuwa thelathini na moja. Nikalipitisha kwa mkono, kama kila siku. Tom alikuwa hatua chache nyuma yangu, kwenye ubao. Mkono uliopitisha lori ndio ulionishtua. Ndipo nikaenda.

Nilimkuta Levis kwenye mashine. Nikasema, "Zima hiyo kitu. Jaza wilbaro."

"Mzee, kuna lori linangoja."

"Tom anakufa. Jaza."

"Bradley amesema?"

"Mimi nimesema."

Hakuuliza tena. Alizima, akajaza mbili, moja akaisukuma yeye akikimbia, nyingine mimi nyuma yake. Tulimzika Tom kwenye barafu, shingoni, kwapani, mapajani. Levis alimlaza kichwa mapajani mwake. Bradley alifika akasema, "Hiyo barafu ni ya zege!" Kisha akavua helmeti akaanza kuchota nayo. Malalamiko hayakuandikwa na Bradley.

Tom alifumbua macho akasema, "Baridi." Levis akamwambia, "Vumilia, ndugu yangu." Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa anapumua. Alifariki jioni hospitalini. Daktari, yule wa kweli, alisema barafu ilikuwa sahihi ila ilichelewa.

Lori lililojazwa bila barafu, mashine ikiwa imezimwa, lilikuja, nikalipima, nikalikataa. Kwa hiyo hata zege hilo limeganda ndani ya pipa kwa neno langu.

Levis Odera hakuiba na hakuamua. Mimi ndiye niliyemwagiza, na nilimwagiza nikiwa nimechelewa. Niliyoyasema ni haya, kwa hiari yangu, bila kulazimishwa wala kuahidiwa kitu.

Sahihi ya shahidi: N. B. Wekesa

Maoni ya afisa aliyepokea maelezo: Maelezo yamesomwa kwa Kiarabu na mkalimani, aliyeomba kukatiza usomaji mara moja. Shahidi amefahamishwa kwamba aliyoyasema kuhusu agizo yanaweza kutumiwa dhidi yake, na kwamba anaruhusiwa kuondoa sentensi yoyote kabla ya muhuri. Amesema hakuna ya kuondoa. Ameambiwa asubiri kwenye benchi la nje. Faili la Levis Odera limeitishwa.