Jimbo Limehama, Sisi Tupo

Siku ya Panya, tarehe 5, mwezi wa kumi

Tarishi kaingia asubuhi, kengele inalia kiunoni. Nimembadilishia farasi kabla hajamaliza kukohoa. Kituo gani kingine cha Njia ya Milima kinaweza hivyo? Hakuna! Akacheka, akasema niringe upesi upesi, muda umebaki mfupi: jimbo letu la Musashi limetolewa Njia ya Milima, limetiwa Njia ya Bahari; matarishi sasa watapita pwani. Amri ya mji mkuu.

Bahari! Mimi niliyelewa na wakuu wanne wa majimbo, bahari sijaiona.

Mke wangu Toneme akatoka nje, akautazama mlima.

"Mbona uko palepale?"

Siku ya Chui, tarehe 7

Karani wa jimbo amefika. Kijana laini, tumbo limemtangulia. "Hongera, Bwana Mkuu wa Kituo!" Farasi wote wanahamia kituo kipya cha pwani, nami niende nao, nikawe mkuu huko. Hapa pafungwe, moto uzimwe.

Nikammiminia mvinyo wa mchele. Nikajisifu mpaka farasi wakapiga miayo – mimi, bwana wa pwani!

Toneme akauliza neno moja tu: "Na Ushimaro?"

Nikaweka kikombe chini.

Siku ya Sungura, tarehe 8

Ushimaro, mdogo wangu. Walimpeleka Tsukushi, mwisho wa nchi huko magharibi, kulinda ufuko kwa mkuki. Zamu yake imekwisha, yuko njiani. Walinzi hao wakienda hulishwa, wakirudi, kila mtu na tumbo lake. Hakuna mwaka hatujaokota mmoja wao mtaroni, kafa kakumbatia kibuyu kikavu.

Nilipomuaga nilimwambia: shika Njia ya Milima, dogo, ukiona moto ni wangu. Hata ukipofuka utanusa uji wa Toneme. Akajibu, uji ule hata maiti ataunusa.

Nimemweleza karani. Ati Ushimaro aulize njiani! Amuulize nani? Vituo vyote vya upande huu vinafungwa.

Siku ya Farasi, tarehe 11

Farasi wameshatolewa. Kibogoyo, farasi jike wangu mzee, anageuka geuka kunitafuta.

Karani yuko getini. "Bwana Mkuu, twende!" Mara ya tatu hiyo, na sauti si laini tena. Anayekataa amri hula viboko. Mgongo wangu mpana – ila si mpana kiasi hicho.

Toneme anakoroga uji. Nikamwambia kajaza chungu mno.

"Ni wa watu watatu," akasema, bila kugeuka.

Karani anaita tena. Viatu vya safari ninavyo miguuni; nimefungua kamba ya kimoja.