Mikunjo Miwili ya Suruali

Kashebere, tarehe 9 Juni 2024

Kwa Mama yangu mpendwa, Nyamitaba,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya habari yoyote, Mama, nauliza goti lako la kushoto linaamkaje siku hizi za baridi. Nauliza pia kama ng'ombe yule mwekundu amezaa, na kama maharage ya upande wa kijito yalipona mvua ya mawe. Namsalimu dada Uwamariya, kwa kuwa ndiye anayekusomea. Dada, naomba usome polepole, na ukifika mahali utakapotaka kuruka mstari, usiruke.

Mimi ni mzima wa mwili. Simu yangu haiingii kwa sababu antena imezimwa tangu Pasaka. Barua hii inaletwa na Mama Hélène, muuza maharage, ambaye anapita kwa miguu juu ya mgongo wa mlima ambapo hakuna wa kumsimamisha.

Huku tunaishi kama watu walio ndani ya nyumba ambayo mlango wake umevimba kwa mvua. Upande wa Masisi daraja limeanguka, na wenye bunduki wamefunga kamba barabarani. Upande wa Walikale malori yamezama kwenye tope mpaka nyasi zimeanza kuota juu ya matairi. Chumvi inauzwa kwa kijiko cha chai. Chaki imeisha shuleni, tunaandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu, na wakati wa mapumziko mbuzi wanaingia kulamba masomo. Watoto wa darasa la nne wananiuliza nitakwenda lini kwetu. Nawajibu: barabara ikifunguka. Jibu hilo hilo nilikupa na wewe, Mama, mara tatu, kila uliponiletea neno kwamba kilio cha ndugu yangu Evode hakitafungwa mpaka mimi nifike. Sasa ni mwaka na miezi miwili. Najua bote zake za mpira bado zimesimama karibu na mlango, na kwamba mtu akizisogeza wakati wa kufagia, unazirudisha mahali pake.

Lazima nikuambie kwamba njia ya kuja ninayo. Wiki chache kabla ya daraja kuanguka, mradi mmoja ulituletea baiskeli za mlima, zile zenye matairi mapana yenye meno, kwa walimu wanaotembelea shule za mbali. Baiskeli ya namna hiyo inapita hata kwenye njia za mbuzi, na mahali isipopita unaibeba begani. Kwanza tulipewa karatasi ya kujaza kwa Kifaransa, na ndani yake waliuliza taille du cadre, yaani kimo cha cadre. Mwalimu mwenzangu Niyonsenga, ambaye hapendi kuuliza, alidhani wanataka urefu wa cadre de base, yule chifu wetu wa mtaa. Akaazima mita ya fundi cherehani, akaenda kumpima chifu tangu kichwa mpaka kisigino, akaandika mita moja na tisini. Chifu alikubali kupimwa kwa furaha, akidhani Serikali imemkumbuka kwa kabuti.

Fundi wa mradi, Papa Magloire, alipoisoma karatasi ile alicheka mpaka akakaa chini. Alimuuliza Niyonsenga kama anataka baiskeli ao nguzo ya umeme. Kisha akagonga chuma cha baiskeli na kusema, "Cadre njo hii. Ule mwingine njo anakulaka kodi." Mpaka leo Niyonsenga anaitwa Mita Moja Tisini, hata na wanafunzi. Kila mtu alicheka siku ile isipokuwa mimi. Nilimfikiria Evode, jinsi ambavyo angeinuka na kumuigiza chifu akipimwa, kidevu juu, mikono imebana mapaja.

Papa Magloire alitupima mmoja mmoja. Tulivua bote, tukasimama tumeegemea ukuta, tukashika daftari gumu kati ya miguu, juu kabisa, naye akapima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa daftari. Mimi nilipata sentimita themanini na mbili. Alinipa baiskeli namba kumi na nane, akaniamuru nisimame nikiwa nimetanua miguu juu ya chuma cha kati, nyayo zote chini. Akapitisha vidole vinne kati yangu na chuma, akaridhika. Alitueleza kwamba huku kwetu kwenye miteremko mtu husimama ghafla, na akisimama lazima mguu upate udongo. Kiti unaweza kukishusha, akasema, lakini chuma hakishuki, kwa hiyo asitudanganye muuzaji yeyote kwamba utashusha kiti na mambo yatakuwa sawa.

Kisha aliniuliza kama nimewahi kuchagua baiskeli kabla ya hapo. Nilimjibu hapana.

Mama, wewe unajua nimewahi.

Wiki iliyopita nilijiandaa kuja. Nilitaka kufunga nyuma ya baiskeli kitenge nilichokuwekea, nikatafuta kamba ndani ya nyumba sikupata. Nikashusha chandarua cha kitandani ili nichukue kile kilichokishikilia kwenye boriti. Ilikuwa kamba ya nyuzi za mgomba, imesokotwa vizuri, na mwisho mmoja ilikuwa na lile fundo la mara mbili ambalo Evode alikuwa anafungia ndama. Nilikaa chini. Nilikuwa nimelala chini ya kamba ile karibu miaka miwili.

Alinitumia kamba hiyo kabla sijakwenda Goma kusahihisha mitihani. Alikuwa ameomba nimtafutie baiskeli, kinga kama alivyozoea kuiita, ya kubebea bidoni za maziwa kutoka malishoni, na kwa kuwa hakuwa na mita, alikata kamba, akaipima kutoka kati ya miguu mpaka chini, akafunga fundo pale inapoishia. Aliyeileta alisema Evode amesisitiza: nifuate fundo. Mimi niliitundika kwenye boriti nisiisahau. Siku moja chandarua kilianguka, nikanyoosha mkono na kuchukua kamba iliyokuwa karibu. Nikakifunga, nikalala. Nilikwenda Goma bila kipimo.

Dukani muuzaji aliniuliza ndugu yangu ana urefu gani. Niliona aibu kusema kwamba kipimo alinipa na nimekiacha. Nikasema yuko sawa na mimi, kwamba utotoni tulivaa suruali moja kwa zamu. Na hiyo ni kweli, Mama, ile ya kaki uliyotushonea ya misa. Palikuwa na baiskeli mbili. Moja ilikuwa ya buluu, fupi, ukiiangalia unadhani ni ya mtoto. Ya pili ilikuwa ya kijani, ndefu, inang'aa. Nilipanda ile ya kijani kwa miguu yangu mwenyewe nikajiona ninavyoingia nayo Nyamitaba, watu wakitoka mashambani kutazama. Nilichagua kile nilichotaka watu wakione.

Siku nilipoileta, wewe ulikuwa jikoni. Evode aliipanda, akasimama akigusa chini kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, baiskeli imeinama. Akacheka akaniambia, "Kaka, hii kinga iko murefu kidogo." Nikamjibu kwamba ataizoea. Nikashusha kiti mpaka mwisho, nikamwambia sasa je. Akasema aksanti. Hakuniuliza habari za fundo, wala siku ile wala baadaye. Nadhani aliona nimefika nimechoka, hakutaka kunitia haya.

Nilipopima kamba kwa rula ya darasani, ilikuwa na sentimita sabini na nne. Nane chini ya zangu. Ndipo nilipokumbuka kile ambacho dukani sikukikumbuka: kila Jumapili iliyokuwa zamu yake, ulipiga magoti mbele yake ukamkunjia suruali ile mara mbili chini, kila mguu, na zamu yangu ilipofika ukaikunjua. Mikunjo miwili. Nilikuwa nimesimama pale nikitazama, kila mara.

Wewe ulisema ni utelezi uliomuua. Ulisema hivyo kwenye simu siku nilipopata habari, wakati tayari mmemzika na mimi niko huku, na ukaongeza kwamba angalau alikuwa na kitu nilichompa, na alikipenda. Nililibeba neno hilo. Lakini Mama Hélène alikuwa nyuma yake kwenye njia ile siku ile, na alipofika hapa mara ya kwanza alinisimulia akidhani ananipa pole. Alisema jiwe lilikuwa katikati ya njia, Evode akafunga breki vizuri, baiskeli ikasimama kabisa. Kisha akanyoosha mguu kutafuta udongo upande wa bonde, na mguu haukufika. Alisema alimwona akiutafuta. Bidoni za maziwa zikamvuta bondeni. Mama Hélène hakujua ni nani aliyeichagua baiskeli ile, nami sikumwambia.

Kwa hiyo si barabara yenyewe iliyonizuia. Imefungwa kweli, lakini mimi nimefurahi kila siku kwamba imefungwa. Nimekuwa nikijificha nyuma ya daraja lililoanguka, na wakati huo huo kila asubuhi naona kama vilima vimesogea karibu zaidi na dirisha langu.

Kamba nimeiweka ndani ya barua hii. Sijafungua fundo. Kama suruali ile bado iko kwenye sanduku, itoe, uikunje kama ulivyokuwa unaikunja, na uweke kamba kando yake. Kisha ujue mwenyewe. Mama Hélène atakaa huko mpaka soko litakalofuata. Akirudi na neno lako kwamba nije kufunga kilio, nitapanda siku ile ile. Akirudi bila neno, nitaelewa, na sitakulaumu. Baiskeli iko tayari ndani ya nyumba, matairi yamejaa, kitenge chako kimekunjwa juu ya kiti. Nimejaribu kila asubuhi. Nyayo zangu zote mbili zinagusa chini, na siwezi kusogea.

Nisalimie majirani wa upande wa juu na wa chini, na wote wanaokuja kukaa nawe jioni. Mwambie Uwamariya aksanti kwa kusoma mpaka hapa. Lifunge goti lako kwa kitambaa cha joto, na Mungu akulinde.

Ni mimi mwanao, yule ambaye hukumkunjia,

Dusabimana