Kigari Kijani cha Kuvuka Kilima

Jumanne, 4 Machi

Wanatuhamisha! Chumba chote cha kufulia cha hospitali — mashine, meza za kupigia pasi, sisi wenyewe — kinakwenda kwenye jengo jipya ng'ambo ya kilima. Mkuu ametangaza asubuhi, mikono yetu ikiwa bado kwenye shuka za wodi ya wazazi. Basi haliendi huko. Linaishia chini, halafu ni miguu. Na zamu yangu huanza alfajiri.

Kidoti, yule wa pasi, akasema basi msimamizi wao, yaani mimi, anunue gari. Watu wakacheka mpaka mvuke ukayumba. Nami nikacheka. Lakini leseni ninayo! Niliichukua macho ya mume wangu yalipoanza kufifia, nikidhani nitakuwa nampeleka kliniki kwa gari la kuazima. Sijaitumia hata siku moja. Imekaa kwenye pochi, na picha yangu imetoa macho kama mwizi aliyemulikwa tochi.

Jioni nikampa Kapteni habari. Kapteni ndiye mume wangu. Madereva wenzake walimbatiza hivyo enzi za treila, na mimi nikazoea. Akapunguza redio. Akasema kilima kile anakijua, lori lilikuwa likikipanda kwa kunung'unika. Akaongeza redio tena.

Basi. Kwa Kapteni wa siku hizi, hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepiga hesabu. Nikapiga tena, labda namba zitanionea huruma. Akiba yangu ya kikundi cha kazini inatosha gari jipya, dogo kuliko yote, lisilo na madoido. Au kubwa kuukuu.

Binti yangu anataka kubwa kuukuu. Kazi yake ni bima, kila gari analiona limeshapinduka. Amenitumia picha za magari meupe, yote yanafanana, kama meno.

Jumamosi, 8 Machi

Jamani, jamani, jamani!

Tumekwenda yadi, mimi na binti. Muuzaji kijana mwenye tai fupi. Akatupitisha kwanza kwenye gari la umeme. Akabonyeza kitu, akasema tayari limewaka. Nikatega sikio — kimya! Nikainama mpaka chini kutafuta injini inakonguruma. Hakuna. Likasogea lenyewe kama kivuli. Nywele zilinisimama. Nikasoma bei, nikadhani ni namba ya simu ya duka.

Halafu nikakiona. Pembeni, nyuma ya magari ya watu wazima. Kigari kijani. Kifupi, kinene, taa mbili za duara — kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Nikacheka peke yangu. Muuzaji akasema, kama anaomba radhi, hicho ndicho cha bei ya chini, vioo vya nyuma vinazungushwa kwa mkono, gia za mkono, redio ya kawaida. Nikauliza kinapanda kilima? Akasema mama, kinapanda, ila kitapiga kelele kidogo. Nikasema hata mimi.

Nikaingia. Nikafunga mlango. Lo! Yadi nzima ikanyamaza. Watu wanafungua midomo, sauti haipo. Mimi ambaye maisha yangu yote yamekaa ndani ya ngurumo za mashine, sijawahi kupewa chumba cha kimya cha peke yangu. Kidogo hivyo, na changu mwenyewe. Nilitaka kulia, nikajifanya natafuta mkanda.

Tukatoka kukijaribu. Kilinizimikia getini. Kikazima tena kwenye tuta. Muuzaji ameshika mpini wa juu kwa mikono miwili, anatabasamu kwa heshima. Halafu sijui nini kilitokea, mguu ukaelewa. Klachi ikaachia taratibu, kigari kikajivuta, tukaingia kwenye mzunguko wa magari, nikakata kona — kinageuka kama wazo! Nikazunguka mara ya pili, kusudi. Muuzaji akauliza tumepotea? Nikamwambia hapana, nafurahi.

Binti alitungoja amekunja mikono. Akasema, "Mama, hiki ni cha wasichana wa chuo."

Nikamwambia, "Na mimi mbona nimewahi kuwa msichana? Chuo tu ndicho sikukipata."

Jumapili, 9 Machi

Nilimsimulia Kapteni vibaya. Nilisema taa, rangi, mzunguko, nikasahau ninaongea na nani. Uso wake ukajifunga. Nikasema tena, kwa ujinga wangu, kwamba sasa nitaweza kumtembeza.

"Nitembezwe?" akasema. "Mimi mzigo?"

Akanyanyuka, akapapasa ukuta, akaenda kulala mchana kweupe.

Tangu gari la kampuni limrudishe kutoka hospitali, hajaingia kwenye gari lolote. Hata kliniki alikataa. Daktari amekwisha kusema hakuna zaidi, ya nini kwenda? Mtu aliyevuka mipaka kwa magurudumu ishirini na mawili. Sasa safari yake ndefu ni kitandani hadi kiti cha redio.

Sinunui gari. Nitanunua viatu vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Wifi yangu amenipigia. Jirani yake anauza gari kubwa la rangi ya fedha, safi, la mchungaji. Nikaenda kuliona. Limezidi kitanda chetu. Nikikaa, naona boneti tu, dunia sioni. Nikikanyaga mafuta linafikiria kwanza. Binti anasema ndiyo busara yenyewe hiyo. Labda.

Mchungaji mwenyewe alinishauri nisiogope, Mungu yupo. Sikupenda alivyoitazama breki wakati akisema hivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Tunakula. Mara Kapteni akauliza: "Mlango wake unafungaje?"

Sikuelewa. Mlango wa nini? Akasema wa hicho kigari chako. Unagonga kama bati au unajibu? Nikasema — nikafikiri kwanza, sikutaka kukosea — unajibu. Mara moja, chini chini, kama mtu anayesema "ndiyo".

Akatafuna. Akasema kesho atakwenda kuusikia.

Nimeosha vyombo mara mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Amevaa kofia yake ya kazi. Nilidhani imeshatupwa! Binti alikuja na teksi. Kapteni akasimama mlangoni pa teksi, mkono juu ya paa, kwa muda. Dereva akataka kusema neno, nikamtazama, akaacha. Kisha akaingia. Njia nzima alishika goti langu kwa nguvu. Alama bado zipo.

Nataka kuandika yote, nisisahau.

Yadi ilikuwa na watu. Nikampeleka hadi kwenye kigari, nikauweka mkono wake juu ya boneti, nikaachia. Akaanza. Hakupapasa kama anavyopapasa nyumbani, kwa woga wa meza. Alikuwa anakisoma. Taa moja, ya pili. Kioo cha pembeni. Akapiga magoti chini kwenye vumbi na suruali yake safi, akashika tairi, akapitisha kidole kwenye mifereji yake yote. Akazunguka mpaka nyuma, akapima buti kwa mikono kama fundi nguo. Muuzaji alikuwa ameanza maelezo, akayaacha njiani. Hata mtu aliyekuwa akigombania bei upande wa pili aligeuka kutazama. Sijawahi kuona! Mume wangu, mikono ile, tangu lini haijagusa kitu kwa hamu?

Akafungua mlango, akafunga. Akafungua, akafunga.

"Kweli," akasema. "Unajibu."

Halafu: "Rangi?"

"Kijani."

"Kijani gani, mama? Kijani ziko nyingi."

Nikatafuta. Nikamwambia ile ya jani la mgomba lililo ndani kabisa, ambalo bado limejikunja, halijaona jua. Kidevu kikamchezacheza. Akasema hicho kijani anacho. Anacho hapa, na akagusa paji la uso. Hakikuondoka na vingine.

Mungu wangu. Miezi yote nimekuwa nikiogopa kutaja rangi mbele yake.

Akaingia upande wa abiria. Magoti yakafika kidevuni. "Hili gari au kiatu?" — na akacheka! Kicheko chake cha zamani, cha kuegesha lori na kuingia ndani na mkate. Binti alikuwa amegeukia matairi ya akiba, mabega yanamtikisika. Nilimwacha.

Muuzaji akamuuliza Kapteni, kwa adabu tu, kwani alikuwa mwanamume na mwenye kofia: mzee ameridhika, tuandike?

Kapteni akageuza uso kunielekea, pale pale nilipo, kama ananiona. "Mimi abiria," akasema. "Dereva ni huyu. Muulize yeye."

Dereva. Kutoka kwake yeye! Madereva wangapi aliwafukuza kwenye treila lake kwa kosa la kukwaruza gia. Nikasema tuandike.

Alhamisi, 20 Machi

Kipo! Kipo nje, chini ya dirisha. Nimeamka mara kwa mara kuhakikisha.

Nilikileta mwenyewe. Binti alinifuata nyuma na teksi, taa za hatari zinawaka, kama tumebeba mgonjwa. Kukiegesha tu kulichukua muda wa kupika wali. Jirani wa juu alitoka na kikombe chake kutazama, akaenda kuongeza chai, akarudi, bado nipo.

Binti ameshakikatia bima. Anasema amekikatia kila kitu, hadi radi.

Akiba imekwisha kabisa. Sijali. Naandika hivyo ili kesho nikijali nijue leo sikujali.

Ijumaa, 21 Machi

Nimevuka kilima.

Peke yangu. Kigari kilipiga kelele kama muuzaji alivyoahidi, nami nilikisaidia. Juu kabisa barabara inapinda, na mara — mji wote! Uko chini, umefunikwa na ukungu, ila matangi ya maji na minara imechomoza, na jua ndiyo kwanza linaugusa ukungu, unageuka dhahabu, unatembea. Nimeishi ndani ya mji huo maisha yangu yote. Sikujua kuwa una mwili. Nilisimama pembeni. Lori likanipigia honi, nami nikajibu kwa honi, nikidhani ni salamu!

Kazini nilimpigia mkurugenzi wa hospitali honi pia, kwa kiwiko, bahati mbaya. Aliruka. Kidoti ameahidi kunisimulia tukio hilo mpaka nistaafu.

Mashine mpya zinaingia shuka za wodi nzima kwa mkupuo mmoja. Siku nyingine ningezishangaa. Leo nilikuwa naangalia dirishani, kama kigari bado kipo.

Jumapili, 23 Machi

Naandika ndani ya gari. Kwenye goti, herufi zinaruka.

Tulitoka baada ya chai, Kapteni na mimi. Nikauliza twende wapi, akasema twende tu. Halafu akaanza kunielekeza: penye harufu ya mkate, kushoto. Hapo barabara inapoanza kukwaruza, kulia. Nikatii. Tumetokea kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ule uliofungwa kabla binti hajazaliwa. Lami imepasuka, majani yamechomoza, lakini upana wake! Hakuna mti, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Mbingu imeshuka mpaka chini pande zote. Nikazima injini, mdomo wazi. Nafasi yote hii ilikuwa hapa, na sisi tunajipitisha ubavu ubavu kati ya kabati na kitanda!

Kapteni akashuka. Akapita mbele, mkono juu ya boneti, akaja upande wangu, akafungua mlango.

"Mama, hebu sogea."

Nikadhani anatania. Nikamtazama. Hatanii.

"Baba, wewe huoni."

"Najua sioni. Wewe unaona."

Nimesogea. Sijui kwa nini. Nimesogea tu, goti likagonga gia. Sasa yeye yuko kwenye kiti changu. Amekisukuma nyuma mpaka mwisho. Viganja vimelala juu ya usukani, vidole havikazi, mabega yameshuka. Mgongo umenyooka. Siwezi kuacha kumtazama. Ni yule. Ni yule yule aliyekuja kunichumbia na mafuta ya breki kwenye kucha. Nimekuwa naishi naye nyumba moja na sikujua nimemkosa kiasi hiki.

Ameuliza mbele kuna nini. Nimetazama, nikatazama tena, kulia, kushoto. Nikasema hakuna kitu. Akauliza hakuna kabisa? Nikasema hakuna kabisa.

Ufunguo ninao mimi. Niliuchomoa bila kufikiri, nimeufumbata. Amenyoosha kiganja. Nimemwambia anipe dakika, nikatoa daftari kwenye mkoba, maana mikono lazima ifanye jambo. Binti akijua! Gari halijamaliza hata wiki! Na kiganja kiko wazi bado, hakitetemeki, anasikia kalamu inavyokwaruza, anasema malizia tu mama, mimi sina haraka