Ukuta Mahali pa Maua ya Nyandarua

Ndugu yangu Elija,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ingawa leo salamu yenyewe ni nzito.

Mwanao Mwangi ameyang'oa maua yetu. Yale ya manjano tuliyoyatoa mwituni, kwenye miteremko ya Nyandarua, kila ua likining'inia kama ndege mdogo, na maganda yake makavu yakilia kwa mbegu upepo unapopita. Tuliyapanda mpakani, kati ya kiwanja chako na changu hapa Kawangware. Tulipiga magoti udongoni, nawe ukaomba: "Bwana, kati ya nyumba hizi mbili pasiwe na jiwe." Nikaitikia amina. Hatukuweka nguzo wala kumwita mpima ardhi, sala ilitutosha.

Majirani walitucheka. Nawe ulizoea kunitania, "Mzee, hata mbuzi wako ameyakataa, na wewe unayapalilia!" Tulicheka hadi chai ikapoa.

Sasa pamesimama ukuta wa mawe, na nyuma yake vinajengwa vyumba vya kupangisha. Nilimwendea Mwangi kumkumbusha ile sala. Hakunijibu kwa kiburi. Afadhali angefanya hivyo.

"Mzee, pole, lakini si mimi. Ni buda, baba mwenyewe, alisema, nikishaenda wekeni ukuta. Yeye hangeweza. Angekuangalia aje usoni?"

Elija. Uliketi nami kila jioni kando ya maua hayo. Ulishiriki meza ya Bwana ubavuni pangu. Hata siku zako za mwisho, nilipokushika mkono nikikusomea zaburi, ulikuwa unajua. Ulijua, ukaniacha nisome.

Ungeniambia tu. Ningehuzunika, kisha ningekusaidia kubeba mawe. Kukusamehe ukuta naweza. Kimya chako kinanishinda.

Jumapili mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda juu yako. Nilisimama mbele ya kanisa zima, nikasema ulikuwa jirani yangu, nikaketi. Neno rafiki lilikataa kutoka. Mjane wako aliinamisha kichwa, na hilo nalo linanielemea.

Basi kwaheri, ndugu. Sitamchukia mwanao, na wajukuu wako nitawabariki kila wapitapo langoni kwangu. Lakini nakuahidi hili: siku wafu watakapofufuliwa, nitakutafuta wewe kabla sijamtafuta marehemu mke wangu, nikuulize ana kwa ana ulichoniogopea.

Ni mimi,
Zakayo