Glavu Nyeupe za Bosi Lin

Jumatano, 2 Aprili

Filo, ule unga uliotandazwa mwembamba kama karatasi, inanata tena. Mwezi huu ukuta wa jiko unatoka jasho, sakafu inatoka jasho, na mimi natoka jasho. Nimetupa tabaka tisa kabla ya saa nne asubuhi. Musaka trei tatu. Makaroni ya oveni trei mbili. Galato trei mbili. Galato ndivyo Baba alivyoiita; Wagiriki wenyewe wana jina refu la kuvunja ulimi. Suji, maziwa, mayai, ganda la limau, filo chini na juu, kisha inamwagiwa shira ya baridi ikiwa bado moto. Hapa Dengfeng, Guangzhou, wateja wetu wengi ni wafanyabiashara wa Dar, Unguja na Kongo. Wengi hawajui hata Ugiriki iko upande gani. Wanachojua ni kwamba ni tamu.

Bosi Lin, mwanamke mwenye mgahawa, ameirudia leo ahadi yake mbele ya Odette wa kaunta. Tawi la Tianhe likifunguliwa, mpishi mkuu ni mimi. Kofia ndefu, picha ukutani, na kibali changu cha kazi kiandikwe hivyo. Miaka mitatu nasubiri. Nimeandika hapa asije akasema hakusema.

Ijumaa, 4 Aprili

Qingming. Wachina wamekwenda kusafisha makaburi ya wazee wao. Mgahawa mtupu.

Bosi Lin aliomba daftari la Baba la mapishi, aliangalie tu. Nikampa. Mjinga mimi. Limerudi mchana lina alama za vidole vyenye mafuta.

Odette ni wa Lubumbashi. Kichina anakijua kuliko sisi wote, na haogopi mtu. Kaja stoo nilipokaa juu ya gunia la unga, kaniambia: "Mwantumu, ule patronne alipiga ma-photo ya kaye yako. Ma-page yote, moya moya. Miye niliona na macho." Nikamwambia labda ni kwa ajili ya menyu. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto mgonjwa.

Jumapili, 6 Aprili

Siachi kuliwaza daftari.

Baba alipika kwa Bibi Eleni, Mgiriki wa shamba la mkonge kule Muheza, miaka kumi na tisa. Hakufundishwa kwa upole. Alifundishwa kwa kufokewa. Tsoureki, ule mkate wao wa Pasaka wenye yai jekundu, aliuunguza mara moja tu maishani. Jioni, akifika nyumbani, alimwambia Mama aandike, maana yeye mwenyewe mkono wa kuandika hakuwa nao. Kwa hiyo daftari lote ni mwandiko wa Mama.

Sikukuu Bibi Eleni akialika wageni, Baba alipita na sinia, kanzu nyeupe na glavu nyeupe. Mgeni anakula, anafumba macho, anauliza: "Pios to eftiakse?" Nani kapika? Na Bibi Eleni anaweka mkono kifuani: "Ego." Mimi. Baba yuko nyuma yake, sinia mkononi.

Baba alituigizia kichekesho hicho sebuleni, kanga ya Mama begani, mkono kifuani. "Ego!" Tulicheka mpaka machozi. Kigiriki cha Baba kilikuwa majina ya vyakula, na hilo swali, na hilo jibu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo wamekuja wa kupiga video. Taa mbili, wasichana wawili, vipodozi. Nikadhani ndiyo picha yangu. Nilikuwa nimevaa ushungi mpya. Nimeamka alfajiri kuupiga pasi.

Nikapewa glavu. Nyeupe, za kitambaa. Nikasema filo haishikwi kwa glavu, unaihisi kwa ncha za vidole. Wakasema vaa. Nikavaa. Wakapiga mikono yangu ikitandaza filo, ikipaka siagi, ikichora vipande kwa kisu. Mikono tu. Kisha wakaniambia sogea.

Akaingia mzungu. Kofia ndefu. Koti jeupe lenye jina lililotariziwa: Nikos. Akasimama nilipokuwa nimesimama, mbele ya trei yangu, glavu kama zangu, akacheka na kamera.

Si Nikos. Anaitwa Dima, anapiga gitaa kwenye hoteli moja mjini, na wala si Mgiriki. Amekodishwa. Odette kanitafsiria alichokisema Bosi Lin kwa wapiga video: glavu ni ili rangi ya mikono isibadilike katikati ya video.

Nimeosha sufuria zote za jiko kwa nguvu. Moja imepinda mpini.

Jumatano, 9 Aprili

Picha imetundikwa ukutani. Si yangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemkabili. Nimeingia ofisini kwake bila kubisha hodi, Odette nyuma yangu kwa tafsiri. Nikamwambia uliniahidi. Bosi Lin akanimiminia chai. Mtu akikumiminia chai huku anakuibia, hiyo chai inachoma koo.

Akaanza: "Pengyou, usikasirike." Rafiki. Mara hii mimi ni rafiki. Akasema Tianhe ni matajiri, na mteja wa Tianhe akija kula Ugiriki anataka kumwona Mgiriki. Nikasema huyo si Mgiriki. Akasema anafanana. Nikasema basi mimi nitapika nyuma. Akasema si lazima, Tianhe wameshapata wapishi wao, wana maelekezo yote. Maelekezo yote! Hayo ni ya Baba, kwa mwandiko wa Mama, yamo kwenye simu yake.

Nitabaki hapa Dengfeng. Mshahara uleule. Eti nishukuru.

Nilitaka kumwagia ile chai. Sikumwagia. Kibali changu kiko kwa jina la mgahawa wake. Nikitoka kwake natoka Guangzhou, narudi Tanga na sanduku moja. Yeye anajua. Ndiyo maana anatabasamu.

Namchukia. Najichukia mimi kwa kumpa daftari. Nimemkasirikia hata Baba, Mungu amrehemu. Kwa nini alikuwa anacheka?

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nimecheka, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Wameleta galato ya Tianhe tuionje. Kipande kigumu, cha njano, kimesimama wima kama sabuni ya kufulia. Kinanuka yai mpaka mlangoni. Odette alikitema kwenye leso. "Iyi ni omelette," akasema. "Omelette ya sukari."

Nilijua papo hapo. Daftari linasema: maziwa vikombe sita, suji kikombe kimoja, mayai manane. Wao wametumia kile kikombe cha plastiki cha kupimia mchele. Mama alipoandika kikombe alimaanisha kikombe cha bati cha Baba, cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni, ambacho Baba alitoka nacho kwa Bibi Eleni. Kinameza vile vya mchele viwili na zaidi. Maziwa yao yamepungua zaidi ya nusu, na mayai ni manane yaleyale.

Kikombe kiko Sanyuanli, chumbani kwangu, nanywea maji. Hapa jikoni natumia jagi nililolitia alama ya msumari, na alama hiyo hakuna anayejua ni ya nini.

Nikaomba kipande cha pili, nikakitazama kwa raha.

Jumatano, 16 Aprili

Bosi Lin kaja jikoni mwenyewe, na viatu vyake vya mchuchumio kwenye maji ya sakafu. Tianhe wamejaribu mara nne. Omelette mara nne. Na Jumapili ni Pasaka ya Wagiriki: kumi na wanne wameagiza chakula cha mchana Tianhe, watu wa meli wanaokaa Nansha, na wazee wao waliokuja kuwatembelea. Wagiriki wa kweli. Wameona video. Wanataka kula kwa Nikos.

Akauliza kosa liko wapi. Nikasema sijui, mimi si mpishi mkuu. Akasema basi pika hapa, gari litapeleka. Nikasema hapana. Mei you. Hakuna. Neno hilo nimeambiwa mimi kila duka la mji huu, na leo nimelisema na mdomo wangu.

Akakumbusha kuhusu kibali. Kwa sauti ya chini, bila hasira, huku anafuta kiatu. Alipoondoka nilikatakata vitunguu visivyohitajika nusu saa nzima. Sikujua kama ni woga au ghadhabu. Vyote.

Alhamisi, 17 Aprili

Dima alikuja saa tisa, wakati wa mapumziko. Alisimama mlangoni mwa stoo, mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, kashika kofia ile mkononi. Kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu tulielewana. Aliambiwa mimi nimekubali na kwamba naona haya kamera. Ana hofu ya Jumapili. Kigiriki hajui hata salamu.

Nikamwambia sina haya ya kamera. Nikamwambia kazi anayofanya ni wizi. Akasema anajua. Nilitaka abishane ili nimtukane vizuri, akaninyima hata hilo. Akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kushika filo, angalau asimame kama mtu anayejua. Nikamfukuza.

Kisha nimekaa nawaza. Atasimama pale na atakula sifa. Au wageni watamshtukia, na Bosi Lin atasema tatizo lilikuwa mapishi. Kwa vyovyote galato ya Baba itaitwa omelette. Hilo siwezi. Mengine yote labda ningeyameza.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeswali, nimerudi, nimempigia Bosi Lin. Masharti yangu: napika Tianhe, mwenyewe, kila kitu. Mikono mitupu. Na chakula kikiisha natoka mezani, natambulishwa kwa wageni kuwa mimi ndiye mpishi.

"Hao, hao," akasema. Sawa, sawa. Upesi mno.

Simwamini hata chembe. Nimekifunga kikombe kwenye taulo.

Jumapili, 20 Aprili

Nimefika Tianhe saa kumi na mbili asubuhi. Jiko jipya, linang'aa, visu havijui hata kitunguu. Mwanakondoo na viazi. Tsoureki mbili, mayai mekundu ndani. Lukumades, ambazo kwetu ni kaimati tu, ila hizi zinavaa asali na mdalasini. Galato trei mbili kubwa, kwa kikombe cha Baba, mbele ya wale wapishi wa Tianhe wanaopikia picha za daftari. Walikodoa macho kwenye kikombe. Mmoja akajipiga paji la uso.

Wageni wamekula kwa kelele. Wamegonganisha mayai, wameimba. Bosi Lin anapita pita mlangoni. Nimevua aproni, nimefunga ushungi vizuri, nimesimama tayari.

Ilipofika galato Bosi Lin akaninyooshea glavu nivae wakati wa kukata vipande. Zilezile. Akasema trei apeleke Nikos, mimi nisubiri kidogo, watu wamefurahi, tusiwachanganye. Nisubiri kidogo. Dima alibeba trei bila kuniangalia.

Mlango wa jiko lile una kidirisha. Nimemwona bibi mmoja, nywele nyeupe, kichwa cha meza. Ameonja. Amefumba macho. Amemgeukia Dima, na nimelisikia, sauti yake imepita kelele zote.

"Pios to eftiakse?"

Maneno yaleyale. Dima akatabasamu, akatikisa kichwa kuitikia, hajui kaulizwa nini. Bibi akauliza tena, polepole, kama anavyoulizwa mtoto. Meza nzima ikamgeukia. Bosi Lin akaweka mkono begani kwa Dima, akafungua mdomo.

Sikumbuki kuusukuma mlango. Nakumbuka nilikuwa katikati ya chumba, glavu nimeziacha kwenye sinki, mkono wangu uko kifuani, na nimesema:

"Ego."

Bosi Lin akacheka. "Msaidizi," akawaambia kwa Kiingereza, "huyu msaidizi wa jikoni." Dima akavua ile kofia, akaiweka mezani kati ya mayai mekundu, akasema hajui Kigiriki, hajui kupika, aliyepika ni huyu mama. Akatoka zake nje.

Bibi alinisemesha maneno mengi. Sikuelewa hata moja. Kigiriki changu kilikuwa kimekwisha. Akauchukua mkono wangu, akaunusa. Limau na siagi. Akatikisa kichwa chake mara mbili na kuuweka mkono wangu shavuni kwake, na nikalia mbele ya watu nisiowajua, kwa hasira, jamani, kwa hasira tupu, maana Baba hakunuswa mkono hata siku moja.

Bosi Lin kaniambia nisije kesho.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Sikwenda kokote.

Odette amepita wakati wa chakula, mwavuli umegeuka. Anasema picha ya Dima bado iko ukutani Dengfeng. Bosi Lin hajasema lolote kuhusu kibali, si la kukifuta wala la kukiendeleza. Wageni wa Nansha wamepiga simu kuuliza mama wa jana anapika wapi, na Odette amewapa namba yangu bila kumuuliza mtu. Sijui kama watapiga.

Nimepika trei ndogo ya galato kwa oveni ya jirani. Tumekula vipande viwili viwili, kwa mikono. Odette akataka kujua huyu papa yangu, yaani Baba, aliitwa nani, na nilipofungua daftari nimwonyeshe nikaona jambo ambalo sijaliona miaka yote. Jina lake halimo. Mapishi arobaini na tatu, na jina la Bibi Eleni liko ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa Mama: Vyakula vya Bibi Eleni.

Sikulifuta. Nimeandika chini yake kwa kalamu ya Odette: Alivipika Shemhina Kombo, wa Muheza.

Kisha nimeosha kikombe, nimekirudisha dirishani.