Vidole vya Ilesi

Ilesi, Kakamega
8 Februari 2025

Kwa Tevin, mwana wa kaka yangu,

Mulembe. Natumaini baridi ya Ufaransa haijakumaliza, na kwamba unakula chakula cha maana, si ile mikate yenu mirefu kama mpini wa jembe. Mimi ni mzima. Mgongo ni mzima, magoti yanajikaza, mdomo ndio mzima kuliko vyote. Baba yako anakohoa kidogo, lakini akimaliza kukohoa bado ana pumzi ya kunigombeza, kwa hivyo hajambo.

Nakuandikia barua kamili kwa simu kwa sababu ukinitumia sauti inasikilizwa na boma zima, na haya si ya boma zima.

Nilienda Nairobi kuomba ile viza ya kukaa na kufanya kazi. Nilivaa ile suti ya kijani. Watu wote pale wamekaa kimya wamekumbatia bahasha kama wanaosubiri kuitwa mbele ya hakimu. Mimi niliwasalimia mmoja mmoja. Mtu aliyefika Kampala mara mbili na Arusha nusu, kwa sababu gari liliharibika, hawezi kutishwa na viti vya plastiki.

Mkataba wa Madamu Odile, huyo mfinyanzi wa huko aliyeniajiri, waliukubali. Picha ya vyungu vyangu waliipitisha kutoka meza hii hadi ile. Barua yako ya kunikaribisha pia ilikuwa sawa. Kisha nikaitwa kwa mashine ya vidole. Kuna kioo kidogo chenye taa ya kijani, na msichana mpole anaitwa Jerotich.

“Mama, weka vidole vinne.”

Nikaweka.

“Bonyeza kidogo.”

Nikabonyeza.

“Bonyeza zaidi.”

“Binti yangu, nikibonyeza zaidi nitaitoboa.”

Akavipangusa kwa kitambaa, akavipaka mafuta, akavipangusa tena. Mashine ikakataa kabisa. Akanigeuza viganja, akaangalia kwa macho yake mwenyewe, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mfinyanzi, na udongo umenilamba hii mikono tangu mama aliponikalisha kando yake kabla sijaanza shule. Na shule yenyewe, unajua, darasa la sita tulisalimiana tu nikatoka.

Amesema nipumzishe mikono, nipake mafuta, nirudi mwezi wa tatu. Ngozi itaota mistari, anasema. Basi mwambie Madamu asiwe na wasiwasi. Mimi ndiye Gentrix.

Senje wako


10 Februari 2025

Senje mpendwa,

Mulembe muno. Mimi ni mzima, kazi inaenda, baridi imeanza kulegea. Mpe baba pole ya kikohozi.

Senje, nakuomba jambo moja na ulisikie. Usiguse udongo. Hata kidogo. Hata mtu akija kutoka mbali na anataka tu kuona unavyofanya. Madamu Odile amekushikia nafasi mpaka Juni. Kuna fundi mwingine aliyeitaka, akamwambia hapana, kwa sababu mimi nilimhakikishia wewe utafika. Mimi namwendeshea gari la kupeleka vyombo, namwona kila siku. Kila asubuhi ananiuliza, “Na senje?” Hilo neno analijua sasa, kwamba ni shangazi.

Paka mafuta usiku, vaa soksi mikononi. Usicheke. Nimesoma inasaidia.

Mwana wa kaka yako,
Tevin


2 Machi 2025

Tevin baba,

Salamu nyingi kama nyasi. Uko salama? Sisi tuko. Mvua imekaribia na kila mtu anatafuta mbegu.

Nimetii. Nakaa kama bibi harusi. Udongo nauangalia kwa mbali, nao unaniangalia. Ile ya soksi niliifanya, nikaamka usiku kwenda nje nikashindwa kufungua mlango, na mengine hayaandikwi. Teresa, unamjua, tunayefinyanga naye, amesema hajawahi kuona mtu mnene akifanya kazi ya kukaa vizuri hivi. Nikamwambia hii ni kazi ya kimataifa.

Lakini mikono yangu haijazoea kukosa kazi. Kwa hivyo nimeitafutia kazi safi, isiyo ya udongo. Napukuchua mahindi. Nimemaliza ya baba yako, nimemaliza ya Teresa, sasa niko kwa ya kanisa. Watu wanaleta magunia kwangu kama ni kinu cha serikali, na siwezi kumfukuza mtu. Gunzi kwa gunzi, nasugua tu, nasugua.

Kwa hivyo usiwe na hofu. Mikono imepumzika vizuri sana.

Senje wako


3 Machi 2025

Senje,

Mulembe, nimefurahi mko salama.

Acha mahindi. Leo. Hata hayo ya kanisa. Unasugua vidole kwa magunzi halafu unauliza mistari iko wapi.

Tevin


20 Machi 2025

Kwa mwana wa kaka yangu,

Natumaini hii itakukuta ukiwa na afya na ukiwa umekaa. Sisi tu wazima. Mahindi niliacha, ingawa hukuniambia mapema, uliniambia udongo tu.

Nilirudi Nairobi. Jerotich alinikumbuka, akaniitia mwenzake. Wakahangaika na mimi mpaka watu wa nyuma yangu wakaanza kuniombea. Mashine ikakubali vidole vitatu. Vitatu, Tevin. Kidole gumba cha kulia kikakataa katakata, na hicho ndicho kinachopandisha ukingo wa chungu, kwa hivyo sikukilaumu.

Jerotich akasema iko njia. Niende kwa daktari, aandike kwa nini vidole havisomeki, barua iwekwe ndani ya faili, maombi yaendelee. Nikaona hilo ni jambo rahisi. Nikashuka gari Kakamega mjini nikaenda kliniki moja, kwa daktari kijana anaitwa Kiprono. Ana heshima, hata alisimama nilipoingia. Akaangalia vidole kwa tochi, akaandika, akanisomea: ana ugonjwa wa ngozi wa kudumu.

Nikamwambia, “Daktari, mimi siumwi.”

“Najua, mama. Lakini barua ya daktari inaeleza ugonjwa.”

“Andika kazi. Andika huyu mama amefinyanga mpaka ngozi ikawa laini.”

“Kazi si ugonjwa, mama. Siwezi kuiandika hapo.”

“Ndiyo maana ninakwambia usiandike ugonjwa.”

Tukaangaliana. Akacheka, mimi nikacheka, halafu nikamrudishia barua yake. Sikuichukua. Alishangaa kuliko ile mashine.

Sasa nangoja akili nyingine. Usimwambie Madamu bado.

Senje wako


22 Machi 2025

Senje,

Natumaini mko wazima. Mimi si mzima sana, nimesoma barua yako nikiwa ndani ya gari na nikakaa humo mpaka injini ikapoa.

Ni neno moja kwenye karatasi. Hakuna mtu Ilesi atalisoma. Ofisi italiweka kwa faili, faili italala, wewe utapanda ndege. Unafikiri mimi nilipokuja huku sikumeza kitu? Niliambiwa niseme mimi ni msaidizi wa ghala, wakati nilikuwa na cheti cha fundi wa magari. Nikasema. Nikaingia. Leo niko.

Wewe unapenda kushinda. Hata mahali pasipo na mashindano. Unachezea nafasi ambayo wenzako wangeipigania, na unachezea jina langu. Madamu Odile ni mzee, hawezi kungoja kila mtu amalize kiburi chake.

Rudi kwa huyo daktari, chukua barua. Tafadhali.

Tevin


24 Machi 2025

Tevin,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Nimekusikia. Sasa nisikie, na mara hii sitanii, kwa hivyo itakuwa fupi.

Nikisaini kwamba hii mikono ni ugonjwa, basi mama yangu alikufa na ugonjwa nao ndio uliomsomesha baba yako. Teresa ni mgonjwa. Wale wasichana wanaokuja Jumamosi kujifunza, tunawaambukiza. Ilesi nzima ni wodi. Na huyo Madamu wako ananitaka kwa kitu gani, kama si kwa hivi vidole? Eti anilipe kwa ajili ya vidole, halafu mlangoni niseme samahani vimeharibika.

Wewe ulimeza lako, sikuhukumu. Mimi koo langu ni jembamba.

Nafasi ikienda, iende. Nitalia siku moja, na siku ya pili nitachimba udongo.

Senje


19 Aprili 2025

Senje mpendwa,

Mulembe. Naandika tena, najua wewe hutaanza. Baba ameniambia u mzima na kwamba hutaki jina langu litajwe wakati wa chakula. Chakula kiendelee vizuri.

Nilikaa wiki nyingi nikimkwepa Madamu Odile. Juzi akanishika mlangoni, nikamweleza yote, mashine, daktari, barua uliyoikataa. Nilikuwa najiandaa kumwomba msamaha kwa niaba yako. Nilikuwa nimeupanga kwa Kifaransa kizuri.

Yeye alitoa simu yake mfukoni, akaweka kidole gumba ili ifunguke. Ikakataa. Akaweka cha pili, ikakataa. Akaniambia tangu anunue hiyo simu haijawahi kumtambua, kila mara anaandika namba. Kisha akanipa mkono wake niushike, Senje, na ni kama nimeshika wako. Nimefanya kazi kwake miaka mitatu na sikuwahi kuuangalia.

Alikasirika, lakini si na wewe. Ameandika barua kwa ofisi ya viza, nimeitafsiri nikakuwekea hapa chini ya hii. Anasema vidole vyako ndivyo alivyoviajiri na havina kasoro yoyote. Pia amesema atakushikia nafasi mpaka atakapochoka, na kwamba yeye hachoki upesi.

Nilikuandikia kwa hofu yangu. Hiyo ni yangu, si yako.

Mwana wa kaka yako,
Tevin


4 Mei 2025

Tevin, baba, mwenye gari,

Salamu kutoka kwa sisi sote, na baba yako anakuambia kikohozi kimehamia kwa jirani. Jina lako limerudi mezani, lakini halijapewa nyama bado.

Barua yako na ya Madamu nilizisoma kwa sauti mbele ya wanawake wa kikundi chetu. Nilipofika kwa simu yake kukataa kidole, Teresa aliinuka akapiga kigelegele, halafu akaniuliza kama huyo mzungu ameolewa, kwa sababu Teresa ana kaka.

Kisha tukafanya hivi. Unajua hapa mama wengi hutia dole gumba badala ya sahihi, kwa mambo ya chama. Nikachukua karatasi safi, nikaandika juu kwa mwandiko wangu wa darasa la sita: Sisi ni wafinyanzi wa Ilesi, hii ndiyo mikono yetu, hatuumwi. Nikaleta wino. Kila mmoja akabonyeza chini. Wale wazee kabisa, wale wa rika langu, mpaka wasichana wa Jumamosi. Ungeiona. Alama za wazee zimetoka nyeusi tu, duara baada ya duara, laini kama mawe ya mtoni, hakuna mstari hata mmoja. Ukishuka chini, za wasichana bado zina mistari yao, inaanza kufifia pembeni. Mtoto angeielewa.

Nikapeleka Nairobi, pamoja na barua ya Madamu. Jerotich akasoma, akaenda kumwita mkubwa wake, mwanamume wa tai. Akaangalia ile karatasi muda mrefu. Akaniuliza, “Mama, vidole vyako vina shida gani?”

“Havina shida. Vimefanya kazi.”

“Na barua ya daktari?”

“Daktari ni wa wagonjwa.”

Nilidhani atanitoa. Moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya isukuti, nakuambia ukweli, na suti ya kijani ilikuwa imelowa mgongoni. Akaniambia hawezi kuniahidi lolote, uamuzi si wake. Lakini akachukua kalamu, akaandika kwa faili, nami nikachungulia kwa sababu mimi sina aibu: vidole vimelainika kwa sababu ya kazi ya ufinyanzi. Akaiweka karatasi yetu ndani.

Wakikataa, wamekataa mfinyanzi. Hawajamkataa mgonjwa. Hilo naweza kulala nalo.

Senje wako


31 Mei 2025

Tevin, mwana wa kaka yangu,

Mulembe, mulembe, na tena mulembe. Uko sawa? Madamu yuko sawa? Simu yake bado ina kiburi?

Pasipoti imerudi. Viza imo, mwaka mmoja, kazi, jina langu lote, na picha ambayo nimekaza uso kama naibiwa. Sikupiga kelele. Niliifunga, nikaifungua, nikaifunga. Baba yako ndiye aliyepiga kelele, halafu akaingia nyumbani akakaa peke yake kidogo.

Safari ni Jumanne. Nguo mbili za baridi nimepewa na kanisa, ni malipo ya yale mahindi. Usinifundishe namna ya kunyamaza njiani, nimekuona unajiandaa. Nitasalimia kila mtu ndani ya ndege.

Leo Jumamosi wasichana wako hapa, na mimi nina udongo mpaka viwiko. Nafinyanga chungu kikubwa, wala hakuna mtu duniani wa kuniambia nipumzishe mikono. Kwa hivyo hii barua anaichapa Teresa, mimi naongea tu.

Teresa anasema anaandika kila kitu vile ninavyosema, hata hili. Teresa anasema pia kwamba senje wako analia, mimi nasema ni moshi. Teresa anasema moto hatujawasha bado, na mimi nasema aandike anachoambiwa.

Senje wako,
kwa vidole vya Teresa